Kiingereza cha Macho ya Mama

Mjomba wangu alianza kujifunza Kiingereza akiwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na hakuna aliyemwuliza kwa nini, maana watu wote wa mji wetu wa Kindu walidhani wanajua. Walisema anajivuna. Alikuwa karani bandarini, kaptula yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kukaa karibu nayo, na Kifaransa alikisema na wazungu wa stima bila kukwama. Sasa, walisema, Kifaransa hakimtoshi, anataka na cha Waingereza. Watu wa kwetu wakikosa la kusema hawakosi wa kumsema. Lakini Kiingereza kile hakikuwa cha maringo. Kilikuwa cha mama yangu, dada yake mkubwa, ambaye macho yalikuwa yakimwishia.

Ilianza kwa mchele. Mchele wa Kibombo siku zile ulikuja na mawe yake, na mama alikuwa na jicho la kuyaona kabla hajashika ungo. Mwaka mmoja nikatafuna jiwe. Nikanyamaza, nikadhani ni bahati mbaya. Wiki ile ile mjomba naye akatafuna jiwe akiwa mgeni kwetu, na mama akaomba radhi mara nyingi kuliko jiwe lenyewe lilivyostahili. Baada ya hapo nikawa nachagua mchele mimi, yeye anapepeta kwa mazoea tu. Katikati ya kila jicho lake paliingia weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, na kazi yangu ikawa kumshika mama mkono kwenda mtoni, kwenda sokoni, kwenda kwenye vilio vya watu.

Daktari wa Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya wakoloni, alimwona mara moja. Tulipanga mstari tangu alfajiri, na zamu yetu ilipofika alimfunua kope kwa kidole gumba, akasema maneno machache ya Kifaransa, akaita mwingine. Muuguzi ndiye aliyetueleza, akiwa tayari anamtazama mgonjwa aliyefuata.

"Mutoto wa jicho, mama. Dawa yake ni kisu, na wa kukata hapa haiko. Iko daktari wa macho tu, na yeye iko mbali."

"Mbali wapi?" mama akauliza.

"Mbali, mama. Na kama haiko karatasi ya daktari, Leta haitawapa ruhusa ya kusafiri."

Basi tukarudi nyumbani. Ukiwa mtu mweusi wakati ule, safari ilikuwa ya kuombewa. Huwezi kujipandia treni tu kwa sababu macho yako yanauma. Na karatasi ilitoka kwa daktari, na daktari wa macho alikuwa mbali, na mbali hakufikiki bila karatasi. Nililia njiani. Mama, ambaye ndiye alikuwa haoni, aliniambia nitazame ninapokanyaga.

Aliyeleta habari njema alikuwa fundi wa karakana ya reli, Mnyasa mmoja aliyepitia Rhodesia na Katanga kabla ya kutua kwetu. Alisomeshwa utotoni na wamisionari wa Kiingereza, na lugha ile ilimkaa vizuri kichwani hata alipokuwa mweusi tii kwa grisi. Siku moja alimwambia mjomba kwamba watu wa dini yake wamepata habari: kuna daktari Mwingereza anayefungua macho ya watu huko mto unakoelekea. Mvua zikiisha atapita Kindu. Atashuka stima, atalala hoteli ya wazungu, asubuhi atapanda treni kwenda hospitali moja ya misioni upande wa ziwa, akae kule kiangazi chote akikata watoto wa jicho. Neno lake moja kwenye karatasi, kwamba mwanamke huyu namhitaji kule, lingetosha kumtoa mama Kindu. Taabu ilikuwa moja. Daktari huyo hajui Kifaransa wala Kiswahili, na mkewe aliyefuatana naye hivyo hivyo.

Fundi akasema, "Mimi nitamwambia. Ni dakika moja tu."

Mjomba akakataa. Nilikuwepo, nawamiminia chai.

"Wewe ni ndugu yangu kabisa," akamwambia. "Lakini hii ni neno ya tumbo moja. Yaya wangu hawezi kuombewa na mutu wa inje, na miye nikiwa muzima. Unifundishe. Nitasema miye."

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Mama alipolisikia neno lile alinyoosha shingo kwa fahari, na mimi nami nikaona mjomba amesema vema. Kwetu dada ana mdomo wake, na mdomo huo ni kaka yake. Hata leo nikijaribu kumkasirikia mjomba kwa jambo lile, hasira inanishinda kupanda.

Wakaanza kusoma uani kwetu, jioni, kati ya sala ya alasiri na magharibi, mama akiwa kwenye mkeka wake akisikiliza. Alitaka kila neno lisomwe mbele yake. Alisema kama ni macho yake yanaombewa, basi masikio yake yawepo.

Mwalimu (tulikwisha acha kumwita fundi) alikuwa mpole kwa kila jambo ila kwa vile vineno viwili vidogo, "a" na "the". Hapo aligeuka simba. Mjomba akisema kwa Kiingereza nataka daktari atazame jicho, yeye anashika kichwa.

"Daktari gani? Yeyote anayepita?"

"Hapana, ni yule!"

"Ni yule, sema 'the'. Kama ni yeyote, sema 'a'. Usimwache daktari uchi."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe Waingereza, usipoweka kale kaneno, hawajui ni daktari yupi? Si wamuangalie tu, wenye macho?"

Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba ni kama mgeni, mama. Mtu akibisha hodi mara ya kwanza ni mtu fulani. Akishakaa na kunywa maji, ni yule yule tunayemjua. Mama akasema hapo ameelewa, na akamwuliza mjomba kama naye ameelewa. Mjomba akasema ameelewa, kisha akakosea tena.

Kilichomharibu ni Kifaransa. Kifaransa kina vineno vyake, na kinavitia kila mahali kama chumvi ya mpishi mlevi, hivyo mjomba naye akawa anatia "the" hata mahali pasipoihitaji. Alisema "the" maisha ni magumu. Mwalimu akamwuliza maisha ya nani, kwani Mwingereza akisikia hivyo atangoja kuambiwa ni maisha yapi. Tena ile sauti ya kuweka ulimi kati ya meno ilimtesa. Watoto wa jirani walichungulia juu ya ua wakimwigiza, za, za, za, kama nzi kwenye chupa. Yeye hakuwafukuza. Mtu mwenye cheo bandarini, aliyezoea kuitwa bwana karani, aliketi mkekani kwetu na kutoa ulimi mbele ya watoto, kwa ajili ya mama. Nilimpenda sana mjomba miezi ile.

Hata alipopata vineno vyote mahali pake, mwalimu hakuridhika. Alikuwa na msemo wake: "Mwingereza hasemi hivyo."

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Ni sawa. Lakini Mwingereza hasemi hivyo."

"Kama ni sawa, kwa nini hasemi?"

"Hasemi tu."

Juu ya sentensi ya macho walitumia jioni nyingi kuliko zote. Mjomba aliijenga kwa mtindo wetu, macho ya dada yangu, na mwalimu akasema ni sawa lakini Mwingereza hutanguliza dada, macho yafuate. Wakaigeuza. Wakaongeza neno la tafadhali, wakalihamisha mwanzo, wakalirudisha. Mwishowe ikatoka laini kabisa, na mama aliyekuwa hajui neno hata moja akasema, "Hiyo sasa imekuwa muzuri. Naisikia." Mwalimu alimpigia makofi mjomba. Mimi nikaenda kuchochea moto jikoni huku najiambia mama ataona, inshallah, kabla sijaolewa.

Sasa inafaa nieleze jinsi watu wa kwetu wanavyoomba, la sivyo mtacheka mahali pasipo pa kucheka. Kwetu mtu mwenye adabu hamwendei mkubwa akamtupia shida yake usoni. Walevi ndio hufanya hivyo. Unaenda na kuku. Unampa kuku mikononi, unamsalimu, unamwuliza safari, unamsifu kwa haki, unamwambia wewe ni nani, mtoto wa nani, umetokea upande gani. Kisha unanyamaza. Yule aliyepokea kuku amekwisha kujua: kuku hatembei bure. Naye, akiwa mtu wa watu, atauliza, "Iko neno gani?" Hapo ndipo unafungua mdomo. Kuku amebisha, yeye amefungua mlango, wewe unaingia. Na mgonjwa mwenyewe hukaa kando mpaka aitwe, maana kumsogeza mbele kabla ya swali ni kumlazimisha mkubwa. Sisi wote tulilelewa hivyo. Hakuna aliyetufundisha, kama vile hakuna anayekufundisha kumeza.

Mjomba aliipanga hotuba yake kwa utaratibu huo huo, na mwalimu akaisahihisha kipande kwa kipande, leo salamu, kesho safari, keshokutwa macho. Kila kipande kilikuwa Kiingereza safi.

Stima ilifika mchana. Habari zilitujia kabla haijafunga kamba: daktari yupo, mrefu, mwembamba, pua imeungua jua, mkewe ana kofia ya ukili. Hotelini hatukuweza kwenda, mlango ule haukuwa wa watu wenye ngozi yetu. Tungemkuta stesheni asubuhi, ambako mjomba kwa ukarani wake aliruhusiwa kusimama upande wa wazungu. Lakini alfajiri mwalimu akaja mbio, mfuko wa vyuma begani. Injini imeharibika njiani karibu na Kibombo, mafundi wote wanapelekwa.

"Usiogope," akamwambia mjomba. "Maneno yote unayo. Usisahau 'the'."

Akaenda. Mjomba alibaki amesimama uani, midomo inacheza, kama mtu anayesali.

Mama alikuwa ameoga tangu giza. Alivaa kikwembe kipya na kitambaa cha kichwa alichokivuta mpaka kwenye nyusi, kwa heshima na kwa haya. Kuku alimchagua mwenyewe kwa kumpapasa, akamrudisha mmoja kwa sababu ni mwepesi, akamtwaa jike mmoja mnono anayetaga. Nilisikitika kwa ajili ya mayai. Mama akasema mayai tutanunua, macho hayauzwi.

Stesheni tuliketi chini kwenye ukuta wa ghala, mimi na yeye, kati ya magunia ya mchele na mapipa ya mawese. Kutoka pale nilimwona mjomba vizuri. Alivua kofia, akamwendea daktari, akainama kidogo, akamnyooshea kuku kwa mikono miwili. Daktari akashtuka, kisha uso wake ukafunguka kwa kicheko. Akamwita mkewe. Mkewe akampokea kuku asijue amshike wapi, kuku akapiga mabawa, kofia ikaenda upande, na boi wa treni akaja akamchukua kuku kumpeleka behewa la jikoni. Wote wakacheka, na mjomba naye akacheka. Kisha akaanza kusema.

"Anasema?" mama akauliza.

"Anasema."

"Anasema vizuri?"

"Anasema vizuri, mama. Muzungu anatikisa kichwa."

Ilikuwa kweli. Daktari alimsikiliza kwa mdomo wazi, kama mtu aliyekuta maji jangwani. Labda tangu afike nchi hii alikuwa hajasikia mtu mweusi akimsemesha kwa lugha ya kwao. Alimjibu, mjomba akajibu tena, mke akaingiza lake, na mjomba hakukwama popote. Upepo ukileta sauti nilisikia "the" hapa, "the" pale, nikazihesabu kama mtu anayesikia nyayo za mwenzake. Vingine vyote vilikuwa kelele kwangu.

"Amefika kwa macho?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Sikiliza."

"Nasikiliza. Sijui."

Basi mjomba akanyamaza. Alikunja mikono tumboni, akasimama wima, akatazama chini. Kunyamaza kule ninakujua, kila mtoto wa Kindu anakujua. Nikamwambia mama, "Amenyamaza." Mama akavuta miguu chini yake, akaweka sawa kitambaa, akashika bega langu tayari kuinuka.

"Sasa atauliza," akasema.

Daktari alikuwa akitabasamu. Mjomba alikuwa akitazama chini. Wakasimama hivyo, mmoja anangoja swali, mwingine sijui anangoja nini. Nadhani alingoja mjomba aseme kwaheri. Mwishowe mkewe akanyoosha mkono ndani ya dirisha la behewa, akatoa kopo la biskuti, akampa mjomba. Mjomba akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akarudi kunyamaza kwake.

Nilitaka kwenda. Sijui ningefanya nini, labda ningemvuta mama nimweke mbele ya yule mtu, atazame mwenyewe, si ndiyo kazi yake? Nikainuka nusu. Mama akanikamata kifundo cha mkono.

"Kaa. Hatujaitwa."

"Mama, treni..."

"Kaa, mutoto. Usimuharibie mujomba wako."

Filimbi ikalia. Daktari akampa mjomba mkono, akautikisa kwa nguvu, akampigapiga begani, akapanda. Treni ikavuta. Mjomba akaanza kutembea nayo, taratibu kwanza, kopo kwapani, uso umeinuliwa dirishani, bado anangoja. Akaongeza mwendo. Ndipo nilipomwona anafungua mdomo na kupiga kelele, bwana karani yule, anakimbia kati ya mizigo ya watu, na hata kwa mbali nikaitambua ile sentensi kwa mlio wake, tafadhali yake, dada yake, macho yake, vyote vimekaa mahali pake. Injini ikaimeza. Daktari alikuwa akipunga mkono. Mkewe alipunga kitambaa mpaka mkunjo wa reli ukawaficha.

Mama alikuwa amesimama peke yake, ameshika ukuta.

"Ametuita?" akauliza.

Mjomba alirudi akihema. Aliweka kopo mikononi mwa mama, na mama akalipapasa pande zote, akauliza kama ni dawa.

Mwalimu aliporudi kutoka Kibombo alikuja moja kwa moja kwetu, hajaoga. Akataka kusikia yote. Mjomba akarudia hotuba neno kwa neno, na mwalimu, maskini, akawa anatikisa kichwa kwa furaha kila kineno kilipopita salama. "Vizuri. Vizuri sana. Na halafu?"

"Halafu nikanyamaza."

"Ukanyamaza ili iwe nini?"

"Ili aulize."

Mwalimu alikaa chini mavumbini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwingereza haulizi. Ukimpa kuku, anadhani umempa kuku."

"Kuku ya bure? Mutu hanijui, nimupe kuku ya bure?"

"Anadhani ni zawadi."

"Zawadi ya nini?"

"Zawadi tu. Na wewe, anadhani ulikuja kumsalimu. Shida yake anaitanguliza, huyo. Anaiweka mlangoni, salamu zifuate kama kuna nafasi."

"Mbona hukuniambia?" mjomba akauliza. Hakuuliza kwa ugomvi. Ingekuwa afadhali angegomba.

Mwalimu akatazama mikono yake ya grisi. Akasema hata kwao Nyasa ni vile vile, kuku kwanza. Hotuba ile aliposikia utaratibu wake aliona ni sawa tu, hata hakuiona. Kiingereza alikuwa amekisikia maisha yake yote, lakini alikisikia akiamrishwa. Tangu azaliwe hakuwahi kumwomba Mwingereza kitu chochote.

Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi la kumfaa nikakosa, maana alikuwa akilia.

Aliandika barua kwenda ile hospitali ya upande wa ziwa, na jibu halikuja. Mjomba alikwenda kwa watu wa Leta kuomba ruhusa bila neno la daktari, akaambiwa alete neno la daktari. Alikwenda tena amevaa koti, akaambiwa vile vile. Mjini wakasema ameona sasa faida ya maringo yake, na mmoja akamwuliza njiani kama biskuti za Kiingereza ni tamu. Nilimtemea mate yule mtu, pembeni, sikumfikia.

Walirudia masomo. Sikuelewa kwa nini, na nadhani hata wao hawakuelewa. Kulikuwa na jioni na mkeka, na hakuna dawa nyingine. Mwalimu alisema huenda mwingine akapita. Safari hii, akasema, tutaanza na shida. Hakuna kuku, hakuna safari, hakuna mtoto wa nani. Sentensi mbili fupi, ya kwanza ina jambo, ya pili ina ombi, kama Mwingereza anavyosema mwenyewe akiwa na haraka. Mjomba alizishika siku ile ile. Alizirudia akitembea uani, huku na huko, na mara hii hakukosea neno hata moja, na sauti yake ilikuwa ngumu kama ya mtu anayetoa amri.

Mama alikuwa akisikiliza. "Hii ni fupi," akasema. "Na ni mupya. Uniambie kwa luga yetu, mudogo wangu, nami nijue."

Inabidi niseme kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja ambalo halikutamkwa. Tulisema macho ya mama yamechoka. Tulisema ana ukungu. Yeye mwenyewe alisema ukungu wake, na kwamba ukungu huisha jua likipanda, na mimi nilimwitikia, na mjomba, na majirani waliokuja kumwona. Hata muuguzi alilikwepa. Hatukupatana kulificha, lilikuwa neno la kumwambia mtu wa nje juu ya mtu mwingine, si la kuwekwa kati ya watu wanaokula sahani moja.

Mjomba hakufikiri. Alikuwa bado amebeba Kiingereza chake, amekizoea kinavyokwenda, jambo kwanza, ombi baadaye. Akageuka akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ile ile ngumu:

"Dada yangu iko kipofu. Tafazali, mumusaidie."

Mwalimu aliinua kichwa. Mimi nilikuwa na ungo mapajani, mikono ikasimama. Mama hakusogea. Uso wake ulikuwa umeelekea upande wa sauti ya mjomba, lakini si pale aliposimama, kando kidogo, penye ua.

"Dada gani, mudogo wangu?" akauliza.

Mjomba hakuwa na dada mwingine.